Ultrasaundi ya mishipa ya mkono wa mama: uzoefu wangu

Sijui nisifu au nitukane. Mama anasafishwa damu mara tatu kwa wiki kwa mpira wa shingoni, na daktari alitaka aunganishiwe mishipa mkononi, unaotoka moyoni na unaorudi, ili awe anasafishwa kupitia hapo. Inaitwa fistula. (Majirani waliposikia jina wakadhani ni ile ya uzazi. Mama alijifungia ndani siku mbili.) Kwanza apigwe ultrasaundi ya dopla, ile inayoonyesha damu inavyopita, waone mshipa upi una upana wa kutosha. Hachomwi sindano wala hachanwi, ni jeli na kile kidude cha kutelezesha kwenye ngozi.

Sasa chumba chenyewe. AC utadhani wanahifadhi samaki. Kijana wa mashine hakumwamkia mtu. Mama akaamua kuitikia tu, "Marahaba," kwa ile sauti yake, na kijana wala hakushtuka. "Bibi, nyoosha mkono." Mkono unatetemeka. Nikamwomba apunguze baridi kidogo. Akajibu macho yakiwa kwenye simu: "Baridi ni ya mashine, si ya bibi." Hata mpira wa kubana mkono hakufunga! Dakika tano, tokeni. Ripoti ikasema mshipa ni milimita 1.6, haufai, na daktari akaanza habari za kuweka mrija wa plastiki.

Niliwaka. Nikamwambia kila aliyenisikiliza kwamba kipimo chenyewe ni wizi mtupu.

Hapo nilikosea. Baadaye tukaenda kwingine. Dada wa pale alimshika mama mkono: "Shikamoo mama, mbona umepoa hivi?" Akazima feni, akaleta beseni la maji ya uvuguvugu, akafunga mpira, akasubiri. Mshipa uleule, milimita 2.8! Akatueleza kwamba baridi huifanya mishipa ya juu juu ijikunyate, kisha akauchorea njia yake kwa kalamu, ili mpasuaji aukute.

Basi kipimo nakipa nyota tano. Yule kijana, foleni yake ilifika kwenye ngazi, huenda alichoka. Huenda! Ila shikamoo inachukua muda gani? Nyota moja, nayo ni ya jeli. Ukipangiwa kwake, mbebee mgonjwa blanketi.

Fistula imeshafanyika, tunasubiri ikomae, wiki sita au zaidi. Jioni mama huniita niweke kiganja nisikie inavyovuma, kama nyuki chupani.