Kitabu kisicho na mwisho, na vitabu vitatu vilivyochapwa upya

Nyumbani kwetu Tukuyu, wilaya ya Rungwe, tulikuwa na kitabu kisicho na mwisho. Kilikuwa Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya upelelezi. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na alikipata kwa mwalimu mwenzake aliyekuwa anahama, kikiwa hakina jalada na kimeshaliwa na mvua. Anayeijua Tukuyu anajua ninachosema. Nguo hukaa kambani siku tatu, chumvi hulowa ndani ya kopo, na pini ya chuma haidumu. Kitabu chetu kilibanwa kwa pini mbili katikati. Pini ziliota kutu, kutu ikala karatasi, na karatasi za nje zikachomoka.

Kitabu cha pini ukikikunjua wazi utaona kwamba ukurasa wa kwanza na wa mwisho ni karatasi moja. Ikitoka hiyo, mwanzo na mwisho vimeondoka kwa pamoja. Kwenye chetu zilitoka karatasi tatu. Jina la kitabu tulilijua kwa sababu mzimu wenyewe unatajwa humo kila mara, lakini jina la mwandishi tulilikosa, na yule aliyeua tulimkosa. Tuliishia pale ambapo Bwana Msa, mpelelezi wa hadithi, ameshajua na sisi bado.

Baba alitusomea mara nyingi mno, jioni, kwa mwanga wa chemli. Alikuwa anashika kalamu mdomoni kama kiko cha Bwana Msa, na sauti ya Najum, rafiki yake, aliifanya nyembamba kidogo, ya mtu anayeuliza. Tulikuwa watoto wanne, na kila mmoja alikuwa na mtu wake wa kumshuku. Baba naye alikuwa na wake, na alimtetea kwa hoja kama yuko mahakamani. Mama alikuwa anachambua maharage pembeni na kusikiliza tu. Siku moja akataja jina, akaendelea na maharage yake. Tukamcheka.

Nimeeleza yote hayo ili mtu aelewe kwa nini naandika kwa kirefu juu ya kununua vitabu vitatu.

Mimi naishi Mbeya mjini na nina duka la pembejeo Uyole. Kwa miaka mingi nilikitafuta kitabu hiki kila nilipopata nafasi. Maduka ya vitabu ya huku kwetu, mengi yanauza vitabu vya kiada, madaftari na kalamu. Ukiulizia riwaya ya mwaka 1960, muuzaji anakutazama kama umeulizia dawa iliyokwisha muda. Palikuwa na mzee mmoja Mwanjelwa aliyeuza vitabu vya mitumba, akaniahidi kwamba kikipita mkononi mwake ataniwekea. Soko la Mwanjelwa likaungua mwaka 2006, na sikumwona tena.

Baadaye ndipo nilipoelewa kwa nini vitabu vya aina hii viliadimika kwetu. Hiki kilitoka chini ya East African Literature Bureau, shirika la uchapishaji lililohudumia Kenya, Uganda na Tanganyika, likiwa na makao yake Nairobi. Hadithi hiyo ilishinda shindano lao la uandishi la mwaka 1957/58, kikachapwa 1960. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, shirika lilivunjika nayo, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa mpaka 1983. Vitabu vilivyokuwa vinatoka Nairobi vikaacha kuja. Kitabu hakikupigwa marufuku, wala wasomaji hawakukichoka. Barabara yake ndiyo iliyofungwa. Mtoto aliyezaliwa Rungwe mwishoni mwa miaka ya 1970, kama mimi, alikua akisoma mabaki ya nakala zilizoingia kabla hajazaliwa.

Mwaka jana mteja wangu mmoja aliniambia kuna muuzaji Dar es Salaam anayekusanya chapa mpya za vitabu vya Kiswahili vya zamani na kuvituma mikoani. Nikampigia. Nikamwuliza kimoja tu. Akasema, "Kipo, nakala nne." Nilimwomba arudie.

Niliagiza vitatu: Mzimu wa Watu wa Kale, Kusadikika ya Shaaban Robert, na diwani moja ya mashairi ambayo sitaitaja, sababu nitaieleza. Jumla nililipa shilingi 47,000 kwa simu, pamoja na nauli ya basi. Kifurushi kilipakiwa jioni, asubuhi nikakipokea stendi ya Nanenane. Alikuwa amevifunga kwa nailoni kwanza, kisha boksi, kisha gundi ya karatasi pembe zote. Hakuna kona iliyokunjika. Kwa huduma ya kufikisha sina neno baya, na risiti alituma bila kuombwa.

Bei ni kubwa, hilo niseme. Kwa fedha hiyo mtu wa hapa ananunua unga wa kumtosha kwa muda. Nilimwuliza muuzaji, akanieleza jambo ambalo sikuwa nalijua. Zamani kuchapa kitabu kulidai bamba za chuma na maelfu ya nakala kwa mkupuo ili gharama irudi. Kitabu ambacho kingenunuliwa na watu mia mbili nchi nzima hakuna aliyethubutu kukirudia. Siku hizi mashine za kidijitali zinaweza kuchapa nakala hamsini, hata kumi. Nakala moja inagharimu zaidi, lakini kitabu kinakuwepo. Nikaacha kulalamika.

Sasa vitabu vyenyewe.

Kusadikika nilimnunulia binti yangu wa kidato cha tatu. Ni chapa ya Mkuki na Nyota, kampuni iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1991 na Walter Bgoya, na ambayo imevirudisha sokoni vitabu vya Shaaban Robert. Kilitoka mara ya kwanza 1951. Karama anashitakiwa kwa kutaka kufundisha uanasheria katika nchi ya Kusadikika, nchi inayoelea angani, na anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, wakarudi na mema, wakatiwa gerezani. Binti alikimaliza kwa jioni mbili. Akaniuliza kama mwandishi aliwahi kufungwa kwa ajili ya kitabu hicho, maana kinazungumza waziwazi mno kwa mtu aliyekiandika wakati wa mkoloni. Nikamwambia hapana, ila kasome tena ukitazama nchi hiyo ameiweka wapi: hewani, mahali ambapo hakuna gavana wa kuja kudai kwamba amesemwa yeye. Alirudi nacho chumbani.

Diwani ndiyo iliyoniumiza. Mchapaji wake simtaji. Ni wazi kwamba nakala ya zamani ilipigwa picha, picha ikageuzwa maandishi na kompyuta, na hakuna mtu aliyekaa akalinganisha. Neno "leo" limeandikwa kwa tarakimu ya moja badala ya herufi l. Kibaya zaidi ni king'ong'o, sauti ya ng' kama katika ng'ombe. Alama ile ndogo ya juu imeondolewa kitabu kizima. Mshairi anahimiza watu waingie shambani kung'oa magugu. Chapa mpya inasema "kungoa". Sasa ngoa ni neno kamili la Kiswahili, maana yake wivu au matamanio. Msomaji kijana atasimama pale na kudhani mshairi ana fumbo, atalitafuta fumbo ambalo halipo, na mwishoni ataona mashairi ya wazee ni magumu. Hayakuwa magumu. Yameharibiwa.

Halafu mistari. Shairi la mizani, yaani silabi, kumi na sita kwa mstari lina pande mbili, ukwapi na utao, nane kwa nane, na kina cha kati lazima kisimame juu ya kina cha kati. Jicho linakiona kabla sikio halijakisikia. Kwa kuwa kurasa za chapa mpya ni nyembamba, mistari imemwagika: maneno mawili ya mwisho yameangukia mstari wa chini, ubeti wa mistari minne umekuwa na saba. Nilijaribu kuuimba mmoja kama Baba alivyokuwa akiimba, nikakwama. Ilibidi nichukue kalamu na rula, nikaweka mikato mwenyewe, ubeti hadi ubeti. Nimefika ukurasa wa 31. Na kitabu hakisemi popote kilichapwa mara ya kwanza lini; kimeandikwa mwaka wa chapa mpya tu, kana kwamba mshairi ni kijana wa leo.

Kwa wanaofanya kazi hii, nawaomba jambo moja. Mlipeni mwalimu mmoja mstaafu, wapo wengi huku Rungwe, Njombe na Iringa, akae na nakala ya zamani mkono huu na chapa mpya mkono huu, asome kwa sauti. Wiki mbili zinamtosha. Muuzaji nilimweleza, akanirudishia nusu ya bei ya diwani ingawa kosa halikuwa lake.

Nikabaki na kile kimoja. Sikukifungua siku ile. Nilisubiri Jumapili, duka limefungwa, na nikaanza ukurasa wa kwanza, ambao sikuwahi kuuona maishani. Ni jambo la ajabu kukuta mwanzo wa hadithi ambayo katikati yake unaijua kwa moyo. Watu niliowakuta siku zote wakiwa tayari wamesimama uwanjani, hapa niliwaona wakiingia. Maneno ya Kiunguja ambayo Baba alikuwa akiyaruka au akiyabuni maana, nimeyakuta mahali pake. Maandishi yanasomeka, herufi haikupotea, ila mgongo umebanwa kwa gundi tupu, bila uzi, na kwa baridi yetu ya Juni na Julai gundi ya namna hiyo hukauka na kupasuka. Nimeshakipeleka kwa fundi wa vitabu Soko Matola akipige uzi. Nawashauri wenzangu wa nyanda za juu mfanye hivyo mapema, kabla kurasa hazijaanza kulegea.

Jina la mwandishi, Muhammed Said Abdulla, nililisoma mara mbili tatu pale juu. Nimejua baadaye kwamba alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, kwamba alianza kazi kama mkaguzi wa afya kabla ya kuingia kwenye magazeti, na kwamba kuanzia 1958 mpaka alipostaafu 1968 alikuwa mhariri wa jarida la kilimo, Mkulima. Mimi ninayeuza mbegu na mbolea kutwa nzima nilifurahi kupita kiasi. Mtu aliyetuweka macho usiku kwa maiti iliyokutwa mzimuni, mchana alikuwa anawaandikia wakulima.

Kurasa sita za mwisho nilizisoma polepole. Simtaji mtu. Niseme tu kwamba Baba alikosea, na hoja zake zote nzuri zilikuwa za mtu asiye na hatia. Amefariki tangu 2011 akiwa na msimamo wake uleule. Mimi nilikosea. Dada zangu wawili walikosea.

Jioni nikampigia Mama Tukuyu. Baada ya shikamoo na habari za migomba nikamwambia, "Mama, yule uliyemtaja siku ile ndiye." Akauliza siku ipi. Nikamkumbusha chemli, maharage, na sisi tukicheka. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Aa, yule. Si ilikuwa inaonekana? Alikuwa anajibu kabla hajaulizwa."

Akasema ndaga, asante ya Kinyakyusa, kwa kumpigia, nifunge milango, baridi imeanza.

Mdogo wetu wa mwisho yuko Tunduma. Yeye nilipompigia alikata simu kabla sijamaliza sentensi, kisha akatuma ujumbe: usiniambie, nitumie kitabu. Nakala yangu iko kwa fundi, kwa hiyo nimeagiza ya pili kwa muuzaji yuleyule. Kwa huduma yake nampa nyota tano, kwa Kusadikika na kwa Mzimu nne kila kimoja, kwa diwani moja. Kifurushi cha Tunduma kimepakiwa jana.