Fildi zangu tatu nimezipa nyota: ofisi ya AC, kiwanda cha ndoo na chumba cha madeveloper Sinza

Wakuu habari zenu. Msimu wa kusaka fildi, yaani mafunzo kwa vitendo ya chuo, umefika tena na simu yangu imejaa madogo wa mwaka wa kwanza na wa pili wananiuliza "kaka niombe wapi", sasa badala ya kumjibu mmoja mmoja nimeona bora nizipe nyota sehemu zote tatu nilizopita mimi mwenyewe. Majina siweki, nyingine bado naweza kurudi kuomba kazi, njaa haina ustaarabu. Nasoma uhandisi wa kompyuta hapa Dar, miaka minne, na kila mwaka ukiisha unaenda fildi wiki nane, kwahiyo mpaka hapa nina wiki 24 za kupiga saluti kwa mabosi wa watu.

Kabla ya nyota tuongee hela maana hapa ndo watu wanajidanganya. Fildi inaitwa mafunzo lakini mlipaji ni wewe. Magari mawili kwenda na mawili kurudi, weka 600 kila gari, hiyo ni 2,400 kwa siku, kwa siku 40 za kazi ni 96,000. Wali maharage wa mama ntilie 2,000, zidisha 40, ni 80,000 nyingine. Hapo ni 176,000 na hujanunua bando, hujaprinti ripoti, hujanunua buti za seifti. Mwenye mkopo wa HESLB ana bumu la fildi, japo bumu nalo lina tabia ya kuingia wakati umeshakopa kwa kila mtu bwenini, na asiye na mkopo anamtegemea mama yake. Kwahiyo ukiingia sehemu usiingie kama ombaomba, wewe ni mteja, umelipia, una haki ya kulalamika huduma ikiwa mbovu.

Sehemu ya kwanza: ofisi kubwa mjini kati, nyota mbili.

Hii nilipata kwa mjomba, sitaki kuficha. Nilivyopata ile barua ya kukubaliwa nikawatambia wenzangu wote, jengo refu, lifti inaongea, AC mpaka unavaa sweta mwezi wa nane. Kitengo cha IT. Siku ya kwanza nikaulizwa unajua kubadilisha tona ya printa, nikasema sijui, nikafundishwa, na kwakweli hapo ndo elimu yangu ikaishia. Wiki nane nilikuwa mtu wa tona, karatasi zilizokwama, na ile "dada hebu zima halafu uwashe". Chumba cha seva nilikiona kupitia kioo tu, taa zinawaka waka kama harusi, niliomba kuingia mara tatu nikaambiwa mwenye funguo yuko semina. Mtu gani anakaa semina wiki nane?

Kitu pekee cha maana ni siku moja walipohamisha idara moja ghorofa ya juu, nikapewa kukrimpi nyaya za netiweki, yaani kupanga nyuzi zake kwa rangi na kuzibana kwenye plagi. Machungwa-nyeupe, machungwa, kijani-nyeupe, bluu, bluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia, mpaka leo naziota. Nilikrimpi kama thelathini hivi, kumi za kwanza zote mbovu, na yule kaka aliyekuwa ananisimamia hakufoka, alizikata tu akanirudishia waya akasema "rudia". Ningepata siku tano za hivyo ningewapa nyota nne.

Logibuku ndo ilikuwa aibu. Kila siku lazima uandike umefanya nini, kila wiki uchore mchoro, supavaiza asaini. Sasa utaandika "nimebadilisha tona" siku 40? Nikaanza kutunga. "Nimeshiriki matengenezo ya mfumo wa mtandao", kumbe nilichomoa waya wa umeme wa rauta nikachomeka tena. Supavaiza wa chuo alikuja mara moja, akakaa dakika kumi, akauliza unaendeleaje, nikasema vizuri mwalimu, akasaini akawahi kwa mwanafunzi mwingine Kurasini. Alama nilipata nzuri kuliko fildi zote. Hiyo inakuonyesha alama za fildi zinapima nini.

Nyota mbili ni za intaneti yao, ina spidi balaa, na chakula cha mchana bure.

Sehemu ya pili: kiwanda cha plastiki Barabara ya Nyerere, nyota tano kasoro robo.

Huku nilienda kwa hasira. Nilikosa nafasi kila nilipoomba kwa sababu nilichelewa, wenzangu walianza kupeleka barua za utambulisho tangu Januari mimi nikaanza mwezi wa tano, nikabaki natembea kwa mguu geti hadi geti, walinzi wananiambia "acha barua hapo kijana tutakupigia". Geti la sita au la saba mlinzi akaniita ndani, nikapelekwa karakana ya umeme kwa mzee mmoja fundi mkuu, amevaa ovaroli lililopauka na testa mfukoni, hakusoma hata ile barua. Nikamwambia shikamoo babu, akajibu marahaba injinia, unaogopa umeme? Nikasema hapana. Akasema basi rudi nyumbani, mtu asiyeogopa umeme simtaki.

Nikasema naogopa. Nikaanza kesho yake saa moja asubuhi.

Kiwanda kinatengeneza ndoo na mabeseni, mashine zinayeyusha plastiki na kuisukuma kwenye moldi, joto ndani yake mpaka unahisi unaiva wewe. Na zinaharibika kila siku, na hapo ndo uhondo wote ulipo, kwasababu mashine ikisimama mzalishaji anapiga kelele na hakuna muda wa kukuficha kitu, unashika taa unamulika, unashika mita, unaulizwa "inasoma ngapi?" na ukikosea kusoma unaonekana hapohapo. Somo la kwanza lilikuwa la fyuzi. Kabla hujaingiza mkono kwenye paneli unazima, unatoa fyuzi, na zile fyuzi zinakaa mfukoni mwako sio juu ya meza, ili asije mtu akadhani zimesahauliwa akarudisha ukiwa ndani. Babu alisema fyuzi mfukoni ndo bima ya maisha aliyonayo. Darasani nilishasomeshwa usalama muhula mzima na sikumbuki slaidi hata moja, hii siwezi kuisahau.

Wiki ya nne mashine namba nne ikaanza kukata breka, ile swichi inayojizima yenyewe umeme ukiwa na hitilafu. Unawasha, inakaa dakika tano, inakata. Mimi na wasomi wenzangu wawili tukasema breka mbovu tubadilishe, babu akacheka, akasema mkibadilisha breka mtakuwa mmempiga tarishi kwa sababu kaleta barua mbaya. Akatupa mega, mita ya kupima kama umeme unavuja, tupime insulesheni kwenda ardhini kwenye hita zinazoyeyusha plastiki, moja moja. Hita ya tatu kutoka mdomoni ikasoma chini kabisa, kufungua tukakuta waya wake umesuguana na chuma mpaka ganda limeisha, ukipoa hauna shida, joto likipanda unagusa. Nilichora ule mchoro kwenye logibuku bila kutunga neno hata moja.

Na kuna siku na mimi nililipa fadhila. Ile mashine ina PLC, kompyuta ndogo inayoiendesha, ya zamani ya Siemens, S7-200, na kiwanda kizima hakuna mwenye kopi ya programu yake, ikifa ndo basi, na wakati huo fundi aliyeifunga hajulikani alipo. Nikaingia Kariakoo nikatafuta kebo ya USB ya kuongea nayo, nikaweka MicroWIN, programu ya Siemens ya kuongea na PLC, kwenye laptopu, kwa bahati PLC haikuwa na neno siri, nikavuta ile programu ya mashine nikaihifadhi. Babu akaniangalia muda mrefu halafu akaniambia "kumbe kompyuta sio za kuchezea gemu tu". Mwezi uliopita kanipigia, mjukuu wangu bado unalo lile faili? Ninalo babu, lipo sehemu tatu.

Robo nyota naikata kwa sababu hawatoi buti wala miwani ya kukinga macho kwa wanafunzi, nilinunua mwenyewe Karume, mtumba, na hela ya nauli hawana mpango nayo kabisa.

Sehemu ya tatu: kampuni ndogo ya programu, Sinza, nyota tatu.

Watu watano, chumba kimoja, feni moja. Laptopu njoo na yako. Hapa nilijifunza kuandika kodi kweli, sio kodi za TRA, kwa lugha ya PHP, na Git ya kutunza kila badiliko la kodi, na kila asubuhi mnasimama kila mtu anasema jana kafanya nini na leo kakwama wapi. Walikuwa na mfumo wa ada za shule binafsi unaounganishwa na malipo ya simu. Kuna mzazi alilipa mara moja akaandikiwa kalipa mara mbili, shule nzima ikachachamaa. Nikapewa nitafute. Kumbe taarifa ya malipo kutoka mtandao wa simu inaweza kutumwa zaidi ya mara moja kama mfumo wako umechelewa kujibu, na mfumo wetu ulikuwa unaandika tu bila kuangalia kama ile namba ya muamala ipo tayari. Rekebisho lilikuwa mistari minne hivi, kulitafuta siku tatu. Siku hizo tatu nimezipenda kuliko semista yote.

Sasa mbona nyota tatu? Moja, data halisi za wazazi, majina na namba za simu, zote nilipewa kwenye laptopu yangu binafsi bila kusaini chochote, wakati Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022. Laptopu yangu ingeibiwa kwenye daladala je? Mbili, wiki nane zilipoisha bosi akasema "endelea kujitolea tuone". Nikajitolea miezi miwili, nafanya kazi ya mteja anayelipa, mimi napewa soda. Nikaaga. Kama unaenda kwao au kwa wanaofanana nao, uliza siku ya kwanza kabisa baada ya wiki nane kuna nini, wakijibu "tutaona" ujue jibu umeshapewa.

Kwa madogo: mkienda kupeleka barua msiulize kampuni ina wafanyakazi wangapi, tafuteni mwanafunzi aliyekuwa pale mwaka jana, mwambieni awaonyeshe logibuku yake, hasa kurasa za michoro. Michoro yote ikiwa imetolewa gugo, piteni geti linalofuata. Na wanaosubiri uhandisi ukiisha, SEAP, mafunzo ya kazini ya ERB (Bodi ya Usajili wa Wahandisi), ni kitu kingine, ile ni ya waliohitimu na inachukua miaka mitatu, msije mkaniuliza tena.

Kiwandani mlinzi wa zamu ya asubuhi ndo anapokea barua. Wahini kabla ya saa mbili, na kama babu akiwauliza mnaogopa umeme, jibu mnalo.