Kambi ya ufukweni Kigoma inayopokea mbwa: kivuli kizuri, hema zisizopitisha hewa

Wengi wetu tunaofuga mbwa mikoa ya Tabora na Kigoma tunamfuga alinde nyumba, wala hatufikirii kumpeleka mapumzikoni. Ndiyo maana mgeni akifika na mbwa kwenye kambi ya kando ya Ziwa Tanganyika, mara nyingi mwenyeji hukuna kichwa kwanza, kisha humwonyesha mti wa kumfungia. Kambi ninayoieleza hapa, iliyo mwendo mfupi kwa gari kutoka Kigoma mjini, imeamua kuwapokea mbwa kwa utaratibu unaoeleweka, nasi tulikwenda huko kutoka Tabora na mbwa wetu wa kienyeji, Popi, tukiwa tumefuatana na familia rafiki yenye mbwa wa Kijerumani mwenye manyoya mazito. Jina la kambi naliacha, kwa kuwa baadhi ya kasoro nitakazozitaja wenyewe wameahidi kuzirekebisha, na bei yao, ambayo haizidi ya chumba cha kawaida cha gesti, haijanipa sababu ya kuwakomoa.

Sifa ya kwanza wanaistahili getini. Mlinzi, kijana mwenye adabu, alinisalimu, akaitikiwa, kisha akauliza, "Mzee, kadi yake ya chanjo unayo?" Aliisoma tarehe kwa makini, maana chanjo ya kichaa cha mbwa huanza kutolewa mbwa akiwa na umri wa miezi 3 na hurudiwa kila mwaka, na kwao kadi iliyopitwa na wakati ni sawa na kutokuwa na kadi. Baada ya hapo aliyafunua masikio ya Popi na kupitisha vidole katikati ya kucha zake akitafuta kupe, akampata mmoja, akamtoa kwa kibano na kumtumbukiza kwenye kopo la mafuta ya taa. Hilo ni jambo dogo, lakini sijaliona hata kwenye hoteli zinazojisifu kwa huduma. Kitu ambacho ukaguzi wa namna hiyo hauwezi kukigundua ni mbung'o, ambao huingia kwenye gari dirisha likiachwa wazi katika misitu ya miombo njiani. Mbwa anayepata homa, kukonda na kuingia ukungu machoni wiki kadhaa baada ya safari hiyo apimwe damu haraka, kwa sababu nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, huua mbwa kama inavyoua ng'ombe.

Kivuli ndicho kilichonifanya niiandike tathmini hii. Kigoma iko juu kidogo, kwani uso wa ziwa wenyewe uko takriban mita 773 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo joto lake si la Dar es Salaam. Hata hivyo, kuanzia Novemba hadi Aprili hewa hujaa unyevu hadi nguo zilizofuliwa asubuhi zikaanuliwa jioni zikiwa bado mbichi. Binadamu hutoa jasho mwili mzima, lakini mbwa hutegemea kutweta, yaani maji ya ulimini na kooni yakauke na kuondoka na joto, na hewa ikiwa imeshiba unyevu maji hayo hayakauki upesi, hivyo mnyama hutweta bila kupoa. Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39 na ushee. Likipita 41 ni hatari ya kifo. Ukiona ute mzito mdomoni, ufizi umekuwa mwekundu sana na miguu inayumba, usisubiri daktari afike ndipo uanze kumpoza: mmwagie maji ya kawaida, yasiyo ya barafu, tumboni na kwenye nyayo, na umpepee huku safari ya kwenda kwa daktari ikiandaliwa.

Wenye kambi wanalielewa hilo kwa sehemu kubwa. Viwanja vya hema viko chini ya miembe ya zamani, na kila kiwanja kina karai la maji linalobadilishwa asubuhi na jioni. Mgeni anapaswa kujua, hata hivyo, kwamba ufuko wa Kigoma unatazama magharibi. Kuanzia saa tisa alasiri jua huteremka upande wa Kongo na kupenya chini ya matawi, na mwanga unaorudi kutoka majini huongeza joto, kwa hiyo viwanja vya mbele, ambavyo kila mtu huvigombania kwa ajili ya mandhari, hubaki bila kivuli saa zile zile ambazo mbwa anakihitaji. Viwanja vya nyuma, vilivyokingwa na mwamba na banda la jiko, hubaki na ubaridi hadi machweo. Omba hivyo, na kabla ya kumtoa mbwa mchangani vua viatu usimame mwenyewe. Unyayo wako ukishindwa, wake pia utaungua.

Hema za kukodi ndizo zilizoniudhi. Ni za nailoni nzito, zimefunikwa turubai la plastiki, na mlango wenye wavu ni mmoja tu, nao unatazama ziwani. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, na hapo mlango unafaa. Usiku upepo hugeuka na kushuka kutoka vilimani, ukagonga ukuta wa nyuma usio na tundu hata moja. Popi, mwenye manyoya mafupi, alivumilia. Yule wa Kijerumani alitweta hadi usiku wa manane, tukamhamishia kwenye banda lililo wazi, na mwenye mbwa akalala naye huko juu ya mkeka. Msimamizi alikubali kwamba hema zilichaguliwa kwa kuangalia mvua, wala si joto. Mwenye hema yake yenye wavu pande mbili aje nayo, na mwenye mbwa wa manyoya mengi au wa pua fupi asubiri miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti.

Kuhusu majirani, kambi hii imefanya kazi nzuri kuliko nilivyotarajia. Pembeni yake akina mama huanika dagaa juu ya vichanja na mchangani, na mbwa asiyezuiwa anaweza kuharibu mtaji wa mtu kwa dakika moja. Mama mmoja alituambia waziwazi, "Mwanangu, mbwa wako akipita hapa, mzigo huu nimuuzie nani?" Kambi imejenga uzio wa matete upande huo, na mbwa hatembezwi nje yake bila kamba. Kwa kuwa wengi wa majirani na wafanyakazi ni Waislamu, vyombo vya mbwa huoshwa mahali pake, na bomba la kutawadhia liko mbali na njia ya wageni wenye mbwa, ili mate yake yasimsumbue mtu anayejiandaa kuswali. Hakuna aliyetuhubiria kuhusu hilo. Mpangilio wenyewe unajieleza.

Majini, sivyo. Wanaruhusu mbwa waogelee kwenye ghuba ndogo yenye mawe, na hakuna kibao chochote cha tahadhari. Tanganyika ni ziwa la pili kwa kina duniani, takriban mita 1,470, na sehemu nyingi chini huporomoka hatua chache tu kutoka ufukweni. Kichocho kimo katika ziwa hili, mamba wamo, na katikati ya mawe huishi swila wa maji, ambaye chakula chake ni samaki na hana desturi ya kumfuata mtu, ila mbwa anayechokonoa mapango kwa pua hawezi kulijua hilo. Jibu la "hapa hawajawahi kuonekana" halikunitosha. Popi aliogeshwa kwa ndoo.

Wanaotaka kwenda Gombe, kilomita 16 hivi kaskazini ya mji, wafahamu kwamba mbwa haruhusiwi ndani ya hifadhi za taifa, na kanuni hiyo ina msingi: mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, ambao hubebwa na mbwa, uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti. Kambi hutoa kijana wa kumwangalia mbwa siku nzima kwa malipo ya ziada. Patana naye kabla ya kupanda boti, mwachie chakula mlichokuja nacho, na mwombe asimpe mbwa mabaki ya migebuka jikoni, kwa sababu mpishi ni mkarimu na miiba ya samaki huyo haina huruma.