Pua imekatika katikati, naambiwa "resini ndivyo ilivyo"

Nyota mbili. Pengine moja, ngoja kwanza.

Ni vinyago vya resini, ile plastiki inayomwagwa kwenye kalibu ikaganda: wapanda farasi watano wa kipimo cha milimita 28, nilivipokea miezi kadhaa iliyopita. Mikuki miwili ilikuja imepinda: sina neno. Maji ya moto yasiyotokota, nusu dakika hivi, unanyoosha kwa vidole, unatumbukiza kwenye maji baridi ushike. Kiputo kwenye ukwato? Putti ya kuchanganya, ikikauka unapitisha msasa uliolowa, na barakoa usoni maana vumbi la resini si la kuvuta. Mafuta ya kalibu, yale yanayopakwa ili kinyago kisigande ndani yake, nayo hutoka kwa mswaki mkuukuu na sabuni ya vyombo; ukiyaacha, praima, rangi ya kwanza ya chini, itabanduka. Anayenunua resini anayajua yote haya.

Lakini uso wa kamanda! Nusu mbili za kalibu zimepishana karibu nusu milimita, na kichwa chenyewe hakizidi milimita nne. Jicho moja liko juu, jingine limeshuka shavuni. Ukikwangua kingo kwa kisu, pua inaondoka. Ukijaza putti, makunyanzi yanafukiwa. Na nani aliupitisha mstari wa kalibu katikati ya pua? Ungepita nyuma ya masikio, nywele zingeuficha.

Nikamtumia muuzaji picha. Jibu: "Resini ndivyo ilivyo, tumia maji ya moto." Maji ya moto hulainisha resini ipate kunyooka, hayahamishi jicho! Anayeuza sanamu hizi hajui tofauti ya kupinda na kupishana, au anajua na ananiona mimi ndiye mjinga. Sijui lipi baya zaidi.

Nilipong'ang'ana walileta kamanda mwingine. Kapishana vilevile, kidogo tu kuliko wa kwanza. Basi kalibu imechoka: resini huila silikoni ya kalibu kila inapomwagwa, vile vifundo vya kushikanisha nusu mbili vinalegea. Dawa ni kuimwaga kalibu mpya, si kubishana na mteja.

Hata hivyo, wale farasi wengine wanne... manyoya ya shingoni yamechongwa unyoya kwa unyoya, na hakuna kiputo hata kwenye hatamu nyembamba kama uzi. Hilo ni vigumu kulipata bila kukaushia resini kwenye chungu cha shinikizo, ambamo hewa iliyobanwa huviminya viputo. Wachongaji wao ni mafundi hasa, na kwa ajili yao napandisha ziwe tatu.

Hapana, mbili. Nimemtazama tena yule kamanda.