Glentress kwa baiskeli ya mlimani: kupanda kunachosha ila kunalipa

Kwa mnaokaa Edinburgh na mnatafuta sehemu ya kupiga baiskeli milimani bila kuwa fundi sana, nendeni Glentress, pale karibu na Peebles, kusini mwa Uskoti. Msitu ni wa serikali, kuingia bure, unalipia paking tu, na kama huna gari basi la X62 linapita hapo barabarani, ila uliza mapema kama hilo unalopanda lina nafasi ya baiskeli maana siyo yote.

Njia zimepangwa kwa rangi kuanzia rahisi mpaka ngumu, kijani, bluu, nyekundu na nyeusi, na jamani heshimuni hizo rangi. Bluu ndo ya kuanzia, nyekundu ndo nnayoipenda mimi.

Watu wanasifia sana kushuka lakini kwangu mimi uzuri wa Glentress uko kwenye kupanda. Kwenye misitu mingi unapewa barabara pana ya malori ya magogo inapanda moja kwa moja mpaka unaichukia baiskeli, hapa kijinjia chembamba kinazunguka zunguka kwenye miti, kona baada ya kona, mwinuko haukati pumzi ghafla, kwa hiyo ukiweka gia nyepesi na ukatulia unafika bila kushuka kwenye baiskeli. Pale penye mizizi na mawe yaliyolowa usisimame kwenye pedali, kaa kwenye siti ila sogea mbele kidogo na uinamishe kifua, ukisimama tairi la nyuma linakosa uzito linateleza na ndo unajikuta umeweka mguu chini. Na Uskoti mawe yamelowa karibu muda wote.

Ukishapita sehemu ya juu inayoitwa Buzzards Nest, watu wanapungua kabisa. Unasikia mnyororo wako, pumzi zako na upepo juu ya misonobari basi. Miti ikifunguka unaliona bonde lote la mto Tweed, vilima vya mviringo vya kijani na kahawia, kondoo wamekuwa vidoti vyeupe ng'ambo kule. Simameni hapo, msikimbilie kushuka.

Halafu sasa Spooky Wood, kipande cha kushuka. Aisee! Kona zimejengewa kingo za udongo upande wa nje, unapunguza mwendo KABLA ya kona, halafu unaachia breki unaiegemeza baiskeli na ile kingo inakubeba mpaka upande wa pili. Matuta ni bapa juu, kama huruki unayapita tairi zikiwa chini na hakuna ubaya wowote, mimi nayapita hivyo hivyo na raha naipata yote.

Breki zijaribu kabla ya kupanda siyo ukiwa juu. Duka moja mjini liliwahi kunikodisha baiskeli ambayo pedi za nyuma zimekwisha kabisa, na kwenye mteremko mrefu hiyo ni hatari ya kweli, kwa hiyo minya breki zote mbili, sukuma baiskeli mbele, isiposhika rudisha hapo hapo. Bebeni koti la mvua hata jua likiwaka, na kiangazi jioni upepo ukitulia usubi unakuja kwa makundi, unauma mpaka ndani ya helmeti.

Mbio za cross-country, yaani zile za kupanda na kushuka, za mashindano ya dunia ya 2023 ya baiskeli za mlimani zilifanyika humu humu msituni, Tom Pidcock akachukua dhahabu ya wanaume, kwa hiyo mjue milima yenyewe siyo ya kitoto. Nyeusi waachieni wenye miguu na uzoefu.

Nyota tano, na mwenye watoto wadogo asibaki nyumbani, kuna njia ya reli ya zamani kati ya Peebles na Innerleithen, lami, tambarare, inafuata mto, wao waende huko na mmoja wenu huku mwenzake anapanda mlima, kisha mnapokezana.