Kiwanja cha kambi Mikindani kilichopokea gari letu la zamani: uzoefu wangu

Msafiri mwenye gari la kulala lililokwisha kula chumvi nyingi huwa na swali moja linalotangulia bei, choo na maji, nalo ni kama getini watalipokea. Sisi tunasafiri na HiAce ya dizeli ya mwaka 1994, ambayo seremala mmoja wa Masasi aliing'oa viti vya nyuma, akaiwekea kitanda, kabati la mninga, jiko la gesi la pleti mbili na tangi la maji. Rangi yake imepauka na kutu imejitokeza juu ya matairi ya nyuma, lakini breki ni nzima na injini inatunzwa vizuri. Ninaandika kuhusu kiwanja cha kambi kilichopo pembezoni mwa Mikindani, kilometa kama 10 kabla ya kuingia Mtwara mjini, kwa sababu hapo gari lilikaguliwa kwa hali yake, si kwa umri wake.

Siku hiyohiyo tulikuwa tumekataliwa mahali pengine, baada ya kupita njia panda ya Mnazi Mmoja inapochepukia barabara ya Masasi. Mlinzi alilizunguka gari, akaitazama kutu, akatueleza kwamba magari ya aina hiyo hayaruhusiwi kulala ndani kwa kuwa yanaharibu mandhari. Hakuomba kufunguliwa mlango wala hakuinama kuangalia chini ya injini. Alikuwa akitekeleza agizo la mwajiri wake na sina kinyongo naye, ila agizo lenyewe naliona si la haki.

Mikindani tulipokewa na msimamizi wa kike, mtu wa makamo, aliyetuamkia kwa heshima kisha akasema, "Baba, naomba unifungulie kabati la gesi niuone mpira." Aliukunja mpira karibu na regulata akitafuta nyufa, akapaka povu la sabuni kwenye maungio, akasubiri aone kama litatoa mapovu. Akaikagua na ekstensheni yetu ya umeme, akataka kujua kama ina waya wa ethi, yaani ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja, kwani nyaya za magari yaliyogeuzwa na mafundi wa mitaani mara nyingi huungwa bila waya huo, na umeme wa volti 230 hausamehe. Mwisho akatandika kipande cha boksi chini ya injini na kutueleza kwamba asubuhi kikionekana na matone ya oili, tutahamia sehemu ya changarawe karibu na geti, kwa sababu maji ya kambi yanatoka kwenye kisima kifupi kilichochimbwa mchangani, na oili ikimwagika inaweza kupenya hadi humo. Boksi lilikutwa kavu, tukabaki kivulini. Ukiacha boksi hilo, ukaguzi haukuchukua muda mrefu kuliko kuchemsha chai, na mwaka wa gari haukuulizwa kabisa.

Wasafiri Wamarekani tuliowakuta hapo walitusimulia kwamba kwao viwanja vingi vya watu binafsi hufuata kanuni ya miaka 10, yaani gari la kulala lililozidi umri huo linaweza kukataliwa, ingawa baadhi ya wenye viwanja hukubali wakitumiwa picha zinazoonyesha kwamba limetunzwa. Kambi za hifadhi za taifa za huko haziangalii umri. Kinachoangaliwa zaidi ni urefu, kwa sababu nafasi nyingi zilitengenezwa zamani kwa magari mafupi. Hapa kwetu umri wa gari unahesabiwa bandarini, ambako lililozidi miaka 10 hutozwa ushuru wa ziada, na hifadhi za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, hutoza magari kwa uzito na usajili. Sioni kwa nini kiwanja cha kambi kijitwike kazi ya forodha, wakati hatari halisi ya gari la zamani ipo kwenye gesi, nyaya na oili, vitu ambavyo macho na mikono vinaweza kuvikagua.

Kasoro zipo. Maji ya kuoga ni ya baridi tu, na hakuna shimo la kumwagia choo cha kemikali, kwa hiyo mwenye choo ndani ya gari ajipange mapema. Kivuli ni cha mikorosho, na matawi yake yanainama chini kiasi kwamba gari lenye kiyoyozi au tangi juu ya paa haliwezi kupita bila kukwaruzwa. Katika msimu wa korosho mabibo hudondoka usiku kucha, na maji yake yakikaukia kwenye turubai huacha madoa ya kahawia ambayo sabuni haiyatoi. Bora kuegesha upande wa minazi, hata kama jua la asubuhi litawahi kuwafikia.

Kwa anayefikiria kuendelea hadi Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, ufukwe wake ni mzuri mno, lakini kuna mchanga mwingi na kiingilio hulipwa. Gari zito lisilovuta kwa magurudumu yote litazama, hata upepo wa matairi ukipunguzwa. Sisi tuliliacha letu Mikindani, msimamizi akakubali kulilinda mchana kutwa bila malipo ya nyongeza, tukaenda kwa gari la abiria. Mwenye Coaster au gari refu kuliko hilo apige simu kwanza, kwani kona ya kuingilia getini ni kali na nafasi ya kugeuzia ndani ni moja tu.