Basi la Nakonde hadi Lusaka: uzoefu wangu

Naandika kwa ajili ya watumishi wenzangu wa Injili, na yeyote wa Mbeya anayepanga kushuka Lusaka kwa basi. Jina la kampuni silitaji, ila mambo yao nitayasema yalivyo.

Mpakani hakuna shida. Tunduma upande wetu na Nakonde upande wa Zambia siku hizi ni kituo kimoja cha pamoja, Mtanzania haombi viza, unagongewa muhuri unapita. Cheti cha homa ya manjano uwe nacho mkononi. Lugha nayo isikutishe: Wanyamwanga wako pande zote mbili, na mkatisha tiketi alinihudumia kwa Kiswahili safi kabisa. Kumbuka tu kwamba Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja, na tiketi inafuata saa yao.

Si kwamba saa hiyo ina maana yoyote. Basi haliondoki mpaka lijae. Injini inaungurumishwa, linasogea kidogo, waliokuwa wakinunua maji wanakimbilia ndani, kisha linarudi nyuma palepale lilipokuwa. Mchezo huo ulirudiwa hadi jua likawa kali. Siti ni mbili upande mmoja na tatu upande wa pili, magoti yanagusa siti ya mbele. Ukiwa na mwili kama wangu, omba ya dirishani upande wa siti mbili.

Kabla ya kutoka alipanda mhubiri. Akaomba kwa Kibemba, akakemea roho ya ajali, kisha akapitisha kofia. Nikatoa. Mama niliyekaa naye, ambaye alikuwa ameshaniona nikigombea boksi zangu za Biblia zisirundikiwe magunia ya kapenta, yaani dagaa, akacheka: "Bapasta, kumbe na nyinyi mnalipishana?"

Barabara hii ni ndefu, takribani kilomita 1,000, na malori ya Dar es Salaam yanayokwenda Copperbelt, kwenye migodi ya shaba, na Kongo hayaishi. Baada ya Isoka nililala usingizi, nikaamshwa kwenye njia panda ya Chinsali. Huko ndiko kulikuwa na misheni ya Lubwa, alikohudumu David Kaunda, Mwafrika aliyetoka Nyasaland, Malawi ya leo, akaja kufundisha na kuhubiri kwa Wabemba. Wengi wanamjua mwanawe tu, Kenneth, aliyezaliwa hapo mwaka 1924 na kuja kuwa rais wa kwanza wa Zambia. Sisi tunaotumwa nchi za jirani tungemsoma baba zaidi.

Usiku ulitukuta Mpika. Kondakta akatangaza kwamba gari halitembei usiku, tunalala hapo stendi. Wakati wa kukata tiketi hakuna aliyelitaja hilo, na huu ndio ubaya mkubwa wa hawa jamaa: hawasemi kitu. Wenye watoto wachanga walilala kwenye siti, na baridi ya Mpika si ya mchezo. Nakubali kabisa kwamba dereva apumzike. Lakini ningeambiwa Nakonde ningebeba blanketi.

Kesho yake, baada ya mashimo mengi kuelekea Serenje, injini ikachemka na mkanda wa feni ukakatika. Spea hakuna. Tukashuka porini, miti ya miombo kila upande, na haikuchukua muda watoto wakatokea na uyoga mkubwa kama sinia, mahindi ya kuchoma na viazi vitamu. Sijui walitujuaje. Pale tulikwama hadi alasiri. Dereva aliyetulaza Mpika na kondakta aliyenyamaza tiketini, hapo walinishangaza: walieleza tatizo waziwazi, wakampa mgonjwa mmoja lifti kwenye lori, wakatununulia maji kwa fedha yao.

Abiria wakaniomba niseme neno. Sikuhubiri sana. Niliwasimulia kwamba mbali kidogo na barabara hiyo, kijijini kwa chifu Chitambo, mmisionari David Livingstone alifariki mwaka 1873 na moyo wake ukazikwa huko, na kwamba watumishi wake Susi na Chuma na wenzao waliubeba mwili kwa miguu hadi Bagamoyo. Kijana mmoja akasema, basi hao walikuwa kampuni nzuri kuliko hii. Watu wakavunjika mbavu, dereva mwenyewe akiwemo.

Basi la kutuokoa lilikuja limejaa nusu. Kuhamisha mizigo ilikuwa vurugu tupu, na boksi langu moja likabaki. Nilikuja kugundua Kapiri Mposhi. Risiti ya mzigo sikuwa nayo kwa sababu hawatoi, ingawa hela ya mzigo wanachukua. Kondakta akapiga simu mbele yangu, na boksi lilinifikia Lusaka siku iliyofuata, limefungwa kamba upya na bila Biblia hata moja kupungua.

Kwa uendeshaji na utu wa wafanyakazi nawapa nyota nne kati ya tano. Kwa taarifa kwa abiria, moja, na hiyo ni kwa huruma. Ukipanda, uliza kwanza kama mtalala njiani, beba blanketi na chakula, andika jina na namba ya simu kwenye kila mzigo, na kwacha za kutosha ubadilishe Nakonde, kwa sababu porini shilingi ya Tanzania hainunui hata hindi moja.